Printa ya Wi-Fi na mtandao wa nyumbani: kwa nini bando halihusiki

Shangazi yangu, mwalimu mstaafu anayewafundisha watoto wa mtaani masomo ya jioni, anaishi Ngamiani jijini Tanga, kwenye nyumba ya Kiswahili ya zamani yenye baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba pande zote mbili na ua nyuma. Sikukuu ya Idi iliyopita mwanawe alikuja kutoka Dar es Salaam na printa ya Wi-Fi, akaiunga, ikachapa karatasi za mazoezi kwa siku nne bila taabu, kisha yeye akarudi kazini kwake. Tangu siku aliyoondoka, printa ikawa haichapi. Nilipokwenda kumwona, baada ya shikamoo na marahaba, aliniambia kwa masikitiko: "Mwanangu, nimeweka bando mara mbili, na bado inakataa."

Fedha ile ya bando ilikwenda bure, na jambo hilo lilinigusa kwa sababu si yeye peke yake anayeipoteza hivyo. Neno Wi-Fi limetufikia likiwa limeshikana na intaneti, na kwa hiyo wengi wetu tunayatumia maneno mtandao, intaneti na bando kana kwamba ni kitu kimoja. Ni vitu vitatu. Mtandao wa nyumbani ni mawasiliano kati ya vifaa vilivyomo ndani ya nyumba, yaani simu, kompyuta, runinga na printa. Intaneti ni njia ya kutoka katika nyumba hiyo kwenda ulimwenguni. Bando ni malipo ya kupita katika njia hiyo ya nje. Ruta, kile kisanduku chenye taa kinachokaa dirishani, hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: inavikutanisha vifaa vya ndani, na inavifungulia mlango wa nje. Kuchapa kunahitaji kazi ya kwanza tu. Faili linatoka kwenye simu kwa mawimbi ya redio, linafika kwenye ruta, ruta inalirusha kwa printa iliyo chumba cha pili, na safari imekwisha. Halijavuka kizingiti cha nyumba, kwa hiyo hakuna wa kulikatia bando.

Anayetilia shaka maelezo haya anaweza kuyapima mwenyewe: printa ikishaungwa, achomoe laini kwenye ruta au afunge bando kabisa, kisha atume ukurasa mmoja. Utachapwa. Zipo hali chache ambazo intaneti huhitajika kweli, nazo ni kupakua programu ya mtengenezaji siku ya kwanza, kusasisha programu ya ndani ya printa, kufungua hati iliyohifadhiwa mtandaoni badala ya kwenye simu, na kutumia huduma za kuchapa ukiwa mbali, ambazo hupitisha hati kwenye kompyuta za kampuni kabla ya kuirudisha nyumbani kwako. Google ilikuwa na huduma ya namna hiyo, Google Cloud Print, iliyofungwa tarehe 31 Desemba 2020, na waliokuwa wakiitegemea walilazimika kurudi kwenye njia ya kawaida ya ndani ya nyumba. Njia hiyo ndiyo ninayoieleza hapa.

Ikiwa intaneti haihitajiki, basi printa inahitaji nini? Inahitaji kukubaliwa na ruta, kupewa anwani, na kufahamika kwa kifaa kinachotuma kazi. Hatua hizi tatu hufuatana, na kila moja inaweza kukwama kwa sababu zake yenyewe, huku dalili anayoiona mtumiaji ikiwa ileile kila mara: karatasi haitoki. Ugumu wote wa printa za Wi-Fi umo katika kutojua ni hatua ipi iliyokwama.

Kukubaliwa na ruta

Tuanze na redio yenyewe. Ruta nyingi za siku hizi hutangaza kwa masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5, lakini printa nyingi za nyumbani, hasa za bei nafuu, husikia yale ya 2.4 peke yake. Ruta ikiwa na majina mawili ya Wi-Fi, na moja linaishia na 5G, printa ya namna hiyo haitaliona jina hilo hata ukiiweka juu ya ruta. Ieleweke pia kwamba 5G iliyoandikwa mwishoni mwa jina la Wi-Fi maana yake ni gigahezi 5, wala haina uhusiano na kizazi cha tano cha mitandao ya simu kinachotangazwa kwa jina hilohilo. Nimewaona watu wakidhani kwamba printa yao ni ya zamani mno kwa sababu hii, ilhali jina la pili lilikuwa hapohapo chini yake kwenye orodha. Simu yako nayo hailazimiki kuhamia kwenye 2.4, ikiwa majina yote mawili ni ya ruta moja, simu iliyo kwenye 5 na printa iliyo kwenye 2.4 zimo katika mtandao mmoja na zinaonana.

Masafa ya 2.4 yana faida yake katika nyumba zetu. Wimbi lake lina urefu wa sentimita 12 na nusu hivi, na la gigahezi 5 lina sentimita 6 hivi. Lile la kwanza hupenya kuta kwa nafuu zaidi. Nyumba za zamani za pwani zina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, na zile mpya zina matofali ya saruji na nguzo zenye nondo, na zote hizo hula nguvu ya redio. Kabati la chuma, jokofu na tangi la maji ni vizuizi vibaya zaidi. Kwa shangazi, ruta ilikuwa dirishani katika chumba cha mbele ili ipate vizuri mawimbi ya mnara wa simu, na printa ilikuwa chumba cha mwisho karibu na ua, nyuma ya jokofu. Mahali pale palikuwa pazuri kwa kila jambo isipokuwa redio.

Baada ya redio inakuja siri. Wi-Fi ya nyumbani hulindwa kwa nenosiri lenye herufi zisizopungua 8, na printa haiwezi kuingia bila kulijua. Swali ni jinsi ya kulifikisha kwa mashine ambayo mara nyingi haina kibodi, na pengine haina hata kioo. Printa zenye kioo hukuruhusu kuchagua jina la Wi-Fi na kuandika nenosiri herufi moja baada ya nyingine kwa vitufe vya mishale. Ni kazi ya kuchosha lakini ni ya uhakika, mradi herufi kubwa zisichanganywe na ndogo.

Njia ya pili ni WPS. Unabonyeza kitufe chenye jina hilo kwenye ruta, kisha ndani ya dakika mbili unabonyeza au kushikilia kitufe cha Wi-Fi kwenye printa, na vifaa hivyo viwili vinapeana siri vyenyewe. Ni njia rahisi mno, na ruta ikiwa na kitufe hicho mimi huanza nayo. Ila WPS ina sura yake ya pili, inayotumia namba ya tarakimu 8 badala ya kitufe, na hiyo sipendekezi itumike. Mwaka 2011 ilidhihirika kwamba ruta huikagua namba hiyo kwa vipande viwili, kwa hiyo anayebahatisha hahitaji kujaribu mamilioni ya namba, hazizidi 11,000. Mipangilio ya ruta ikikupa nafasi ya kuizima, izime.

Njia ya tatu ndiyo inayotumiwa na printa nyingi mpya, na ndiyo inayowachanganya watu kuliko zote. Printa ikiwashwa mara ya kwanza haina mtandao wowote, kwa hiyo hujitangazia Wi-Fi yake ya muda. Unafungua programu ya mtengenezaji kwenye simu, simu inaiacha Wi-Fi ya nyumbani na kujiunga na ile ya printa, inaikabidhi jina la Wi-Fi ya nyumbani pamoja na nenosiri, kisha printa inauzima mtandao wake wa muda na kwenda kubisha hodi kwenye ruta. Simu nayo inarudi nyumbani, na vifaa hivyo viwili vinakutana tena humo. Ukiielewa safari hii ya kwenda na kurudi, hutashangaa pale programu inapokaa kimya kwa dakika nzima, wala hutaizima katikati ya safari.

Hatari kubwa ya njia hii inatokana na simu kujifanya msaidizi. Simu janja ikigundua kwamba Wi-Fi iliyojiunga nayo haina intaneti, huiona kuwa ni mbovu na kuikimbia kwenda kwenye data. Wi-Fi ya muda ya printa haina intaneti na haikukusudiwa kuwa nayo. Matokeo yake simu inaondoka kabla haijaikabidhi printa lile nenosiri, na programu inatangaza kwamba printa haikupatikana. Dawa ni kupakua programu mapema, kisha kuzima data ya simu wakati wa kuunga. Na simu ikikuuliza kama ubaki kwenye mtandao usio na intaneti, kubali. Kwa simu za Android ongeza jambo moja: iruhusu programu hiyo kujua mahali ulipo, maana bila ruhusa hiyo simu haiionyeshi orodha ya Wi-Fi zilizo jirani, na programu inabaki kama mtu aliyefungwa macho.

Kuna mtandao mwingine unaofanana na huo wa muda, nao ni Wi-Fi Direct, unaotambulika kwa jina linaloanza na DIRECT. Huu haufi baada ya printa kuungwa. Kazi yake ni kumwezesha mgeni kuchapa moja kwa moja kutoka simuni bila kupitia ruta, na kwa kazi hiyo ni mzuri sana. Tatizo ni kwamba mtu akijiunga nao na kuchapa ukurasa mmoja hudhani ameshaiunga printa na nyumba. Hajaiunga. Kesho yake kompyuta iliyo kwenye ruta itaitafuta printa hiyo na kuikosa.

Ikiwa ruta ni mpya na printa ni ya miaka ya nyuma, na nenosiri ni sahihi lakini bado inakataliwa, angalia aina ya ulinzi katika mipangilio ya ruta. Ulinzi wa WPA3 ulitolewa mwaka 2018, na printa zilizotengenezwa kabla ya hapo zinajua WPA2. Ruta iliyopangwa kukubali WPA3 tu haitaelewana nazo. Chagua mpangilio unaokubali zote mbili.

Anwani, kama tunavyoelekezana Ngamiani

Mtu akikuelekeza nyumbani kwake Ngamiani hukutajia namba ya barabara kwanza, ya 7 au ya 12, kisha ndipo anakutajia nyumba. Anwani za mtandao wa nyumbani zimejengwa hivyohivyo. Katika anwani kama 192.168.1.7, kwa ruta nyingi za nyumbani, namba tatu za mwanzo ni barabara na ya mwisho ni nyumba. Ruta yenyewe mara nyingi hukaa nyumba namba 1, nayo ndiyo inayogawa namba kwa kila kifaa kinachoingia. Namba zinazoanza na 192.168 zilitengwa rasmi mwaka 1996 kwa matumizi ya ndani duniani kote, na ndiyo sababu printa ya Ngamiani na printa ya Muheza zinaweza kuwa na anwani moja bila kugongana: anwani hizo hazitoki nje ya ruta zao.

Kwa hiyo ili simu na printa zionane kwa wepesi, sharti ziwe barabara moja. Katika nyumba zenye ruta mbili, kwa mfano kisanduku cha faiba alichokiacha fundi na ruta nyingine iliyonunuliwa dukani ili Wi-Fi ifike vyumba vya nyuma, mara nyingi kila ruta hugawa anwani zake. Printa inakuwa 192.168.1.7 na kompyuta inakuwa 192.168.0.23, na kwa macho ya mwenye nyumba zote "zipo kwenye Wi-Fi". Ni kweli zipo, lakini kila moja iko kwenye barabara yake. Ama viweke vifaa vyote kwenye ruta moja, ama uibadilishe ruta ya pili iache kugawa anwani na ibaki kuwa kirusha mawimbi tu, jambo ambalo ruta nyingi huliruhusu katika mipangilio yake.

Tabia ya ruta ya kugawa anwani ndiyo chimbuko la ule ugonjwa unaojulikana katika kila nyumba yenye printa ya Wi-Fi: jana ilichapa, umeme ukakatika usiku, leo kompyuta inasema printa haipo hewani. Umeme unaporudi, vifaa vyote vinaamka kwa pamoja na kuomba anwani upya, na baadhi ya ruta hazikumbuki nani alikuwa nyumba gani. Simu ya kijana wa chumba cha pili inaweza kupewa namba 7 iliyokuwa ya printa, na printa ikapewa 9. Kompyuta iliyoandika anwani ya zamani katika kumbukumbu zake inaendelea kugonga mlango wa namba 7, na huko anayeishi si printa. Wakati mwingine printa huamka haraka kuliko ruta, ikaitafuta Wi-Fi, ikaikosa na kukata tamaa. Hapo washa ruta kwanza, ngoja dakika mbili tatu, kisha washa printa.

Dawa ya kudumu ni kuihifadhia printa anwani yake. Kila kifaa cha mtandao kina alama ya kiwandani ya tarakimu na herufi 12, iitwayo MAC, isiyofutika kwa umeme kukatika. Katika mipangilio ya ruta kuna mahali pa kuiambia kwamba kifaa chenye alama hii kipewe anwani hii siku zote. Ukifanya kazi hiyo ya dakika tano mara moja, umeondoa nusu ya usumbufu wa printa yako. Wengine huipanga anwani ya kudumu kwenye printa yenyewe. Inawezekana, lakini uchague namba iliyo nje ya zile ambazo ruta huzigawa, la sivyo siku moja vifaa viwili vitakuwa na anwani moja na vyote viwili vitayumba.

Mbiu

Anwani peke yake haitoshi, kwa sababu hakuna anayependa kukariri namba. Simu inajuaje kwamba 192.168.1.7 ni printa? Inajua kwa mbiu. Simu inauliza kwa sauti inayofika kila kona ya mtandao wa nyumbani, "Ni nani humu anayechapa?", na printa inajibu kwa jina lake, anwani yake na mambo inayoyaweza, kama rangi au karatasi ya A4. Apple waliitoa njia hii kwa jina la Rendezvous mwaka 2002 na kuibadilisha jina kuwa Bonjour mwaka 2005. Mwaka 2010 wakaitumia katika AirPrint ili iPhone na iPad zichape bila kuwekewa programu yoyote ya ziada. Kwa upande wa Android kuna Mopria, umoja wa watengenezaji ulioanzishwa mwaka 2013 kwa lengo hilohilo. Kwa sababu hiyo ile sidii inayokuja na printa haina tena umuhimu iliokuwa nao. Printa nyingi za miaka ya karibuni hujitambulisha zenyewe.

Lakini mbiu ina mipaka, na haitoki kwenye barabara yake. Wi-Fi ya wageni, ambayo ruta nyingi huitoa kando na ile ya wenyeji, imejengwa makusudi ili mgeni asione vifaa vya nyumbani, kwa hiyo ukijiunga nayo hutaiona printa. Baadhi ya ruta zina mpangilio unaovitenganisha hata vifaa vya wenyeji, kila kimoja kikiwa na ruhusa ya kwenda intaneti lakini si kuongea na jirani yake. Ni vema kwa mgahawa, ni balaa kwa printa. VPN, yaani programu inayopitisha mawasiliano yako kwenye kompyuta ya mbali, ikiwa imewashwa kwenye simu au kompyuta inaweza kuyapeleka mazungumzo yote nje, na mbiu ya ndani isisikike. Kompyuta ya Windows nayo huuhesabu kila mtandao wa Wi-Fi kuwa ama wa hadharani ama binafsi. Ukiwa wa hadharani, kompyuta hujificha na haitafuti vifaa vya jirani. Nyumbani kwako chagua binafsi katika mipangilio ya Wi-Fi hiyo.

Kumuuliza printa mwenyewe

Sasa nirudi kwa shangazi. Kabla ya kugusa mpangilio wowote niliifanya printa ichape karatasi ya hali ya mtandao wake. Karibu kila printa ya Wi-Fi ina uwezo huo, ama kwa kioo chake ama kwa kushikilia vitufe vilivyotajwa katika kijitabu chake, na ninashangaa ni wachache kiasi gani wanaoitumia. Karatasi ile ilieleza kila kitu. Jina la Wi-Fi lililoandikwa lilikuwa la simu ya binamu yangu. Mahali pa anwani paliandikwa 0.0.0.0.

Kumbe siku ile ya Idi binamu aliwasha hotspoti ya simu yake na kuiunga printa humo. Kwa siku nne simu yake ndiyo iliyokuwa ruta. Alipopanda basi kurudi Dar es Salaam aliondoka na mtandao mzima mfukoni, na printa ikabaki inauita kila inapowashwa. Sisi wa Tanga tuna msemo wetu wa "waja leo, waondoka leo", na hotspoti ndivyo ilivyo. Inafaa kwa haja ya siku moja, mradi simu irushe kwa gigahezi 2.4, kwa kuwa baadhi ya simu mpya huanza na 5 mpaka uzibadilishe katika mipangilio. Kwa printa inayokaa nyumbani haifai, maana mtandao wa nyumbani unapaswa kubaki nyumbani. Bando alilonunua shangazi liliingia kwenye simu yake yeye, ambayo printa haikuwahi kukutana nayo.

Anwani zinazosomeka kwenye karatasi hiyo zinafaa kukaririwa. Sufuri tupu zina maana kwamba printa haijakubaliwa na ruta yoyote, kwa hiyo shughulika na jina, nenosiri na redio. Anwani inayoanza na 169.254 maana yake printa iliomba anwani, haikupewa, ikajitungia yake. Hapo izime ruta na kuiwasha, kisha printa. Anwani inayofanana na ya simu yako isipokuwa namba ya mwisho ina maana kwamba hatua mbili za kwanza zimekamilika, na kilichobaki ni kufahamiana. Hapo fungua kivinjari kwenye simu au kompyuta, andika anwani ya printa kama unavyoandika anwani ya tovuti, na ukurasa wa printa yenyewe utafunguka ukionyesha kiasi cha wino na hali yake. Ukifunguka, njia ni nzima na kosa limo katika kompyuta: ifute printa katika orodha yake na uiongeze upya kwa kutumia anwani badala ya kuitafuta kwa jina.

Kwa shangazi ilikuwa kazi ya sufuri. Niliiunga printa na ruta yake ya laini kwa kitufe cha WPS, taa ya buluu ikapepesa na kutulia, nikachapa karatasi ya hali kwa mara ya pili. Jina lilikuwa sahihi na anwani ilikuwepo, lakini nguvu ya mawimbi iliandikwa desibeli -78, ambayo ni dhaifu. Kwa kawaida napenda isishuke chini ya -65. Tukaihamisha printa kutoka nyuma ya jokofu hadi kwenye meza ndogo mwanzoni mwa ukumbi. Karatasi ya tatu ikasoma -57. Kwa kuwa kila desibeli 3 ni sawa na kuzidisha nguvu mara mbili, hatua kumi za kuhamisha meza ziliongeza nguvu zaidi ya mara 100.

Kisha nikaingia katika mipangilio ya ruta, nikanakili ile alama ya MAC kutoka kwenye karatasi na kuihifadhia printa anwani 192.168.1.50. Nilibadilisha pia nenosiri la msimamizi wa printa, lililokuwa bado lile la kiwandani. Ikiwa siku moja ruta hiyo itaharibika na kununuliwa nyingine, kuna njia ya mkato ninayowashauri wote: ipe ruta mpya jina lilelile la Wi-Fi na nenosiri lilelile, herufi kwa herufi. Printa itajiunga yenyewe ikidhani ni ruta ileile, na utabaki na kazi moja tu, ya kuihifadhia anwani upya.

Shangazi aliandika namba ile 50 kwa kalamu nyekundu kwenye kipande cha karatasi, akakibandika juu ya kifuniko cha printa. Wiki hiyohiyo umeme ulikatika jioni na kurudi usiku wa manane. Asubuhi alinipigia simu kunieleza kwamba ameshachapa karatasi 36 za hesabu za watoto wake, na kwamba bando lake lilikuwa limekwisha tangu jana yake.